Maswali Yenu: Bukta ya Binti na Kikao cha Ukoo

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu mabinti wanaoshiriki michezo na yale yanayowakuta majumbani mwao. Barua zilizofika ni nyingi kuliko kurasa tulizopewa, na nyingi zimetoka kwa akina mama, jambo ambalo sikulitazamia, kwa sababu nilidhani mabinti wenyewe ndio wangetangulia kushika kalamu. Nimechagua tano. Majina hayatajwi, na baadhi ya barua nimezifupisha bila kugusa hoja zake. Kwa wasiomjua anayejibu: nilicheza netiboli shuleni, nikafundisha elimu ya michezo kwa zaidi ya miaka 30, nimestaafu, na nina wajukuu wawili wa kike wanaopenda mpira kuliko uji.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne na ninaishi Tanga. Binti yangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mwaka huu amechaguliwa kuingia timu ya mpira wa miguu ya wilaya kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Baba yake amekataa. Mama mkwe anasema mtoto wa Kiislamu hawezi kukimbia na bukta mbele ya wanaume, na kwamba ukoo wao haujawahi kutoa mcheza mpira wa kike. Wameitisha kikao cha ukoo, nami sijui nitasema nini. Nitamwelezaje mume wangu bila kumvunjia heshima?

Jibu: Marahaba, mama. Kwanza hongera, kwa kuwa timu ya wilaya haichaguliwi kwa kuoneana huruma. Ninakuomba usiingie katika kikao hicho ukiwa umeshika sheria mkononi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi anapaswa kumpatia mtoto wake, na ni vyema ulijue hilo. Lakini mume anayesomewa sheria mbele ya mama yake mzazi hana njia ya kurudi nyuma bila kuaibika, na asiye na njia ya kurudi nyuma husimama palepale aliposimama. Zungumza naye kabla ya kikao, usiku, watoto wakiwa wamelala, na badala ya kumwuliza kwa nini amekataa, mwulize anahofia nini. Katika miaka yangu ya kazi nimeona kwamba kauli ya "si utamaduni wetu" mara nyingi ni kapu lililofunikwa kawa. Ukilifunua unakuta mavazi, safari, masomo na maneno ya majirani, na kila kimoja kina jibu lake peke yake.

Tuanze na mavazi, kwa kuwa ndiyo aliyoyataja mama mkwe wako. Hofu yake haikuzuka hewani, maana kwa miaka kadhaa binti mwenye kujisitiri alifungiwa mlango na wenye mpira wenyewe. Mwaka 2007 wasimamizi wa sheria za soka duniani waliamua kwamba mtandio haumo katika vazi la mchezaji, na mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu hiyohiyo, wachezaji wakiwa wameshafika uwanjani. Julai 2012 mtandio uliruhusiwa kwa majaribio, na Machi 2014 ukaruhusiwa rasmi. Mpira wa kikapu nao ulifuata mwaka 2017. Kisha mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake nchini Australia na New Zealand, beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, alicheza dhidi ya Korea Kusini akiwa amefunika kichwa, na Morocco wakashinda bao 1–0. Kwa hiyo binti yako anaweza kuvaa taitsi ndefu chini ya bukta, jezi ya mikono mirefu, na mtandio unaobana kichwa usio na pini, maana pini humchoma aliyeivaa na anayegongana naye. Fundi cherehani yeyote wa Ngamiani anaushona mtandio wa namna hiyo kwa asubuhi moja, mradi mchague kitambaa chepesi kinachovutika na kukauka upesi.

Kuhusu dini yenyewe, mimi si shehe na sitajifanya shehe. Hata hivyo mume wako, kama amewahi kukaa darsani, ameisikia habari ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bi Aisha, na anaweza kumwuliza imamu wake mipaka iko wapi. Mwachie aende kuuliza mwenyewe. Jibu atakalorudi nalo kutoka msikitini litasikilizwa na mama yake kuliko jibu lako na kuliko langu.

Kwamba ukoo haujawahi kutoa mcheza mpira wa kike, hilo ni kweli, na jambo hilo halikuanzia Tanga. Chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake mwezi Desemba 1921, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai, mwaka mmoja tu baada ya watazamaji wapatao 53,000 kujaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kuwatazama wanawake wakicheza, na katazo hilo lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Brazil, ambayo sisi sote tunaitaja kama nchi ya mpira, iliwakataza wanawake kwa sheria kuanzia mwaka 1941 hadi 1979. Mpira uliotufikia kupitia shule na kambi za wakoloni ulikuja ukiwa umeshagawanywa, wavulana wakakabidhiwa mpira wa miguu na wasichana wakakabidhiwa netiboli. Bibi zetu hawakuulizwa. Na hapa niseme jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka: wapo akina baba wengi walioikataa mbele yangu bukta inayofika magotini, wakaikubali sketi ya netiboli inayopepea juu ya magoti, kwa sababu sketi walikwisha kuizoea.

Kama mume wako ni mfuatiliaji wa mpira, mkumbushe pia habari za Saudi Arabia. Hadi Januari 2018 wanawake wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kuingia uwanjani hata kutazama mechi ya wanaume. Leo wana ligi yao, na klabu ya Al-Nassr imemsajili Mtanzania, Clara Luvanga, ambaye mabao yake husomwa katika taarifa zetu za michezo. Usimtajie habari hii kama kejeli. Mtajie kama mtu anayesimulia jambo la ajabu alilolisikia redioni.

Sasa tufike kwenye safari, na hapa, mama, mimi niko upande wa mume wako. Nilipokuwa msichana baba yangu naye alinikatalia kwenda mashindanoni. Hakushindwa kwa hoja za haki wala za maendeleo. Alikuja mwalimu wetu wa kike, akakaa mkekani, akanywa chai, kisha akaeleza lori litaondoka saa ngapi, tutalala katika darasa lipi, na ufunguo wa darasa hilo atakaa nao nani. Baba aliuliza swali moja tu: "Na ukiugua wewe, ufunguo atakaa nao nani?" Mwalimu akajibu kwa jina la mtu, baba akakubali. Nilikasirika wakati ule nikiona ananidharau; baadaye, nilipokuwa mimi ndiye ninayeshika ufunguo, nikaelewa kwamba lile ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Nendeni shuleni wote wawili, wewe na baba yake, mwulize ni mwalimu gani wa kike atakayefuatana na timu, wasichana watalala jengo gani na wavulana jengo gani, nani analala na wasichana chumbani, watasafiri kwa gari gani, na binti akitaka kupiga simu nyumbani ataitumia ya nani. Shule ikishindwa kujibu maswali haya, basi baba ana haki ya kukataa, na ningekuwa mimi ningekataa pamoja naye. Shule ikijibu, mzigo wa maelezo unahamia kwake.

Masomo hayanipi shida sana: pangeni saa za kusoma, na alama zake za muhula zibandikwe mahali ambapo baba yake anaziona. Katika kikao chenyewe usiwe wa kwanza kusema, na ikiwezekana usiseme kabisa. Mtafute shangazi yake binti, dada wa mume wako, umweleze yote haya mapema. Kwa watu wengi wa pwani neno la shangazi juu ya binti wa kaka yake halipingwi kirahisi, tena likitoka kwake halitaonekana kuwa ni la mke aliyekuja kubadili mila za watu. Nao wanaosema ukoo haujawahi, wakumbushwe kwa upole kwamba hata Theresia Dismas, aliyerusha mkuki Brazzaville mwaka 1965 na kurudi Tanzania na medali ya fedha, hakuwa na wa kumfuata.

Swali: Mimi ni msichana wa kidato cha nne, Kigoma. Shuleni nashiriki kuruka juu na kuruka chini. Bibi anasema kuruka kutaniondolea bikira na kizazi kitashuka. Naomba jibu la wazi.

Jibu: Kizazi cha msichana mwenye afya hakishuki kwa kuruka. Bibi yako asichekwe, kwa maana hofu hiyo iliwahi kushikiliwa na watu wenye elimu kubwa: baada ya wanawake kukimbia mita 800 katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, mbio hizo ziliondolewa kwao hadi mwaka 1960, na marathoni ya wanawake haikuingia Olimpiki hadi Los Angeles mwaka 1984. Waliozuia walikuwa na madaktari upande wao. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mtoto mwaka 2018, akarudi uwanjani, akatwaa dhahabu ya mita 1,500 Tokyo na tena Paris.

Kuhusu bikira, utando huo hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa. Kwa wengine huwa mdogo sana, na unaweza kuvutika au kuchanika kwa sababu nyingi zisizohusiana na tendo la ndoa. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kama msichana amewahi kulala na mwanamume, na ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito upimaji wa namna hiyo ukomeshwe.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo bibi angekuwa na haki ya kuliogopa, ingawa halihusiani na kuruka. Msichana anayefanya mazoezi mazito huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi, na mwili unaokosa hedhi kwa sababu ya njaa hudhoofisha mifupa yake. Ukipitisha miezi mitatu bila kuona siku zako, nenda zahanati, usisubiri mashindano yaishe. Kula dagaa, maharage, mchicha, na maini yanapopatikana, na chai uinywe mbali na mlo, maana ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu wilayani Mbulu, nakimbia mita 3,000. Kaka yangu akitoka shule anakwenda uwanjani. Mimi nikitoka shule nachota maji mara tatu, napika, naosha vyombo, na nikiomba kwenda mazoezini mjomba anasema miguu yangu itakuwa kama ya mwanamume na hakuna atakayetoa ng'ombe kwa ajili yangu. Kuna mtu amekwisha kuja kuuliza habari zangu. Baba hajajibu. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ninaanza na sentensi zako mbili za mwisho, ambazo umeziweka mwishoni kana kwamba ni ndogo. Wewe ni mwanafunzi, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 kumwoa au kumwozesha mwanafunzi nchini Tanzania ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 30. Mwambie mwalimu wa malezi au mkuu wa shule wiki hii, kabla baba hajajibu, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumsaidia mzazi ambaye hajapokea kitu kuliko aliyekwisha kupokea ng'ombe. Ukiona hakuna anayekusikiliza, piga namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na hailipiwi. Mbio tutazizungumza, lakini hili ndilo la kwanza.

Sasa maji. Nimesoma barua nyingi mwezi huu zinazolalamikia mila, nami nimeanza kuamini kwamba dumu la lita 20 limewatoa wasichana wengi uwanjani kuliko mila yoyote. Safari tatu za maji, moto, vyombo; jua limezama, na hakuna aliyekukataza kukimbia. Mzazi anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajawahi kumzuia binti yake. Chukua daftari, uandike kwa wiki moja saa unayoanza na saa unayomaliza kila kazi, kisha uandike na za kaka yako, bila maneno ya ziada. Umwoneshe mama kwanza. Baada ya hapo zungumza na kaka mwenyewe, na usimwombe makubwa: mwombe safari moja ya maji, siku mbili kwa wiki, siku zile ambazo una mazoezi. Atasema ni kazi ya kike. Mwambie atazame barabarani, maana maji ya kuuza hubebwa na wanaume kwa baiskeli na mikokoteni na hakuna anayewacheka. Ni yale ya nyumbani tu, yasiyolipwa, ambayo huhesabiwa kuwa ya kike. Kama kaka atakataa, mwalimu wa michezo anaweza kukusaidia kwa njia nyingine, yaani kukupa dakika 40 za mazoezi shuleni kabla ya kengele ya kurudi nyumbani. Kwa mkimbiaji wa mita 3,000 wa umri wako, dakika 40 zenye mpangilio, siku nne kwa wiki, zinatosha kukupeleka mbali.

Kuhusu miguu yako, mjomba hana habari sahihi. Misuli mikubwa ya mwanamume hutokana kwa kiasi kikubwa na homoni ambazo mwili wa msichana huzitengeneza kidogo sana, na mkimbiaji wa masafa marefu kwa kawaida huwa mwembamba. Maneno juu ya miili ya wanamichezo wa kike hayaishii vijiweni. Agosti 2021 maneno juu ya vifua vya wachezaji wa mpira wa kike yalisikika hata Ikulu, na yakazua mjadala mkubwa. Mwaka uliofuata wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa mabao 2–1 katika Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali, na wiki ile sikumsikia mtu akiuliza habari za vifua vyao.

Unaweza kumsimulia baba habari za Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi nchini Kenya, aliyekulia katika familia yenye watoto zaidi ya 20, ambaye baba yake hakupenda akimbie. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, akashinda tena mwaka 1995, na mwaka 1998 akavunja rekodi ya dunia Rotterdam. Wa kwetu msimulie Magdalena Shauri, aliyemaliza wa tatu Berlin mwezi Septemba 2023 kwa saa 2:18:41, muda ambao haukuwahi kufikiwa na Mtanzania yeyote wa kike. Lakini usimwahidi baba kwamba nawe utafika huko. Mwombe dakika 40.

Swali: Mimi ni kijana wa miaka 27, nafundisha timu ya mpira ya wasichana mtaani kwetu Mwanza bila malipo. Nilianza na wasichana 22, sasa wamebaki tisa. Wazazi wanadhani nawataka binti zao. Nimejitolea kwa moyo wote na jambo hili linaniumiza. Nifanyeje ili waniamini?

Jibu: Kijana wangu, ninakuamini, lakini sikujui, na wazazi hao nao hawakujui. Wanayoyahofia yamewahi kuwapata mabinti wa watu mikononi mwa makocha waliokuwa na moyo na maneno mazuri kama yako. Kwa hiyo acha kuomba uaminiwe, upange mambo yako kwa namna ambayo hata asiyekuamini atakosa la kusema. Tafuta mwanamke mzima awe pamoja nawe katika kila zoezi na kila safari, hata kama hajui mpira na kazi yake ni kukaa na mifuko. Usimpe msichana mmoja lifti, usimwite nyumbani kwako, usimwandikie ujumbe wa faragha. Taarifa zote zipite katika kundi la simu ambalo wazazi wamo. Asiguswe mchezaji aliyeumia bila mwingine kuwapo. Ratiba ya mwezi iandikwe na kila mzazi apewe nakala yenye saa ya kumaliza, na saa hiyo iheshimiwe, kwa sababu msichana anayerudi nyumbani gizani hata mara moja ametoa hoja ambayo wewe hutaweza kuijibu.

Baada ya hayo, wafuate wale 13 walioondoka uwaulize sababu, au bora zaidi yule mama awaulize, kwa kuwa nina shaka kwamba wote waliondolewa na wazazi. Uwanja wenu una choo? Wasichana wakiwa katika hedhi wanabadilishia wapi, na taulo za kike hupatikana kwa nani? Jezi zenu zina bukta za rangi gani? Usicheke swali hilo. Timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliacha bukta nyeupe mwaka 2023, baada ya wachezaji kueleza kwamba walikuwa wakicheza na wasiwasi siku zao zinapofika, na hao wana vyumba vya kubadilishia na madaktari. Kwa wasichana wako, bukta nyeusi inaweza kurudisha wawili au watatu mwezi huohuo.

Kule Kilifi, Kenya, kuna taasisi iitwayo Moving the Goalposts iliyoanza mwaka 2001, ambayo imewakabidhi wasichana wenyewe kazi za kufundisha, kuchezesha mechi na kuendesha ligi. Wateue nawe wawili kati ya wale tisa, wakubwa kwa umri, uwafundishe ukocha kuanzia sasa. Mzazi anayesita kumkabidhi binti yake kwako huenda asisite kumkabidhi kwa binti wa jirani anayemfahamu tangu akiwa mtoto, na itakuwa vyema ukilipokea hilo bila kununa.

Swali: Mimi ni dereva wa bodaboda, Mbagala. Binti yangu wa miaka 12 anacheza mpira shuleni, na mwaka huu wanamwandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Sina pingamizi lolote. Ninauliza mambo mawili: mpira wa wasichana unalipa? Na je, nimnunulie daluga kubwa kidogo ili akulie, maana mguu wake unakua kila mwezi?

Jibu: Baba, laiti barua zote zingekuwa kama yako. Kwa wachache unalipa. Aisha Masaka alitoka ligi yetu akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Simba Queens nao walimaliza wa nne barani Afrika mwaka huohuo wa 2022, na zipo klabu hapa nchini zinazolipa mishahara. Kwa walio wengi haulipi, au unalipa nauli na soda. Ninakueleza haya waziwazi kwa sababu nimewaona wazazi walioruhusu kwa kutarajia fedha, na binti alipofika miaka 17 bila mkataba wakamwambia amepoteza muda wake na wao wamepoteza nauli zao. Wavulana wa mtaani kwako wanacheza kila jioni na hakuna anayewauliza watalipwa lini. Mpe binti yako jioni hizo kwa masharti hayohayo, na kama fedha itakuja, itamkuta uwanjani.

Daluga kubwa usimnunulie. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hutoa malengelenge na kupinda kifundo, na viwanja vyetu vya mchanga na kokoto havisamehi. Pima jioni, baada ya mazoezi, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa amevaa soksi zake za mpira. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya nusu kidole, isizidi. Mitumba ya Ilala na Karume ina daluga nzuri za watoto wa huko nje waliozivaa miezi michache nao wakakua, na zake zikimbana unaweza kuziuza au kumpa mdogo wa timu. Kagua meno yote yawepo chini, na soli isiwe imeachia mbele, kabla hujatoa hela.